Maiti Hawa Waandikwe kwa Nani?

Tarehe 6 Januari 1937 Umoja wa Kisovieti ulihesabu watu wake. Katika fomu ya sensa palikuwa na swali ambalo Stalin mwenyewe alitaka liwemo: unaamini Mungu au huamini, na kama unaamini, dini yako ni ipi? Serikali haikuwa na wasiwasi juu ya jibu. Kwa zaidi ya miaka kumi chama cha wasioamini, kilichoanzishwa mwaka 1925 kwa baraka za dola, kilikuwa kikihubiri (naam, kuhubiri) kwamba Mungu hayupo. Desemba 1931 kanisa kuu la Kristo Mwokozi jijini Moscow lililipuliwa kwa baruti mchana kweupe. Hata hivyo, karani wa sensa alipobisha hodi, zaidi ya nusu ya waliojibu, wenye umri wa miaka 16 na kuendelea, walimwambia: andika, naamini.

Na jumla nayo ikatoka vibaya. Wakubwa walitegemea watu zaidi ya milioni 170; walipatikana milioni 162. Wengi wa waliokosekana walikuwa wamekufa kwa njaa ya mwaka 1932 na 1933. Matokeo yakafungiwa, wakuu wa ofisi ya takwimu wakakamatwa, na baadhi yao wakapigwa risasi.

Sasa mjadala wa miaka nenda miaka rudi, kwamba ni dini au ni ukanamungu uliomwaga damu nyingi zaidi, huendeshwa kama daftari lenye safu mbili. Mmoja anataja Vita vya Msalaba, wa pili anajibu Stalin. Wa kwanza anarudi na wachawi waliochomwa moto, wa pili anaongeza Mao wa Uchina na Pol Pot wa Kambodia. Kila mmoja anatupa maiti upande wa mwenzake, kisha wanajumlisha. Swali langu ni dogo tu: wale wanatakwimu wa Moscow waingie safu gani? Waliuawa na dola isiyoamini Mungu, hilo halina ubishi. Lakini kosa lao lilikuwa kuhesabu vizuri.

Ukikwama hapo, kama nilivyokwama mimi, utaona kwamba ugomvi hauko kwenye kujumlisha. Uko kwenye kanuni ya kumwingiza maiti katika safu, na kanuni hiyo karibu kila mara hubadilishwa katikati ya mazungumzo. Muumini akiambiwa habari za mauaji ya watu wa dini yake, atasema hiyo ilikuwa siasa, tamaa ya ardhi, na wale hawakuwa waumini wa kweli. Asiyeamini akiambiwa habari za Stalin, atasema huo ulikuwa ukomunisti, ukanamungu hauna kitabu kinachoamuru kuua. Udhuru ni ule ule, ila kila mmoja anaukubali unapomfaa na kuukataa unapomfaa mwenzake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Maneno yenyewe hayatusaidii. "Ukanamungu" ni neno la mashtaka. Kukana ni tendo: mtu hukana deni, hukana mtoto, hukana mbele ya hakimu. Anayeitwa mkanamungu amekwisha kuhukumiwa kwamba kuna kitu anakijua na anakikataa. Lakini mtu ambaye hakuwahi kuamini hajakana chochote. Kwake pale hapana kitu. Kati ya mtu huyu na ofisa wa dola anayezunguka na kufuli la kufungia misikiti na makanisa kuna umbali mkubwa, ila lugha yetu imewapa wote jina moja. Hapa chini nitajaribu kuwatenganisha: asiyeamini, na dola inayokataza kuamini.

"Dini" nayo ina mtego wake. Katika hati za Kiarabu, dini na deni huandikwa kwa herufi zile zile tatu, dali, ya na nuni, na kwa watu wengi wa zamani dini ilikuwa kweli kama deni: jambo ulilozaliwa nalo, lililokufunga na ukoo, na mtawala, na sheria, na shamba. Hapakuwa na kipande kinachoitwa dini ambacho ungeweza kukikata na kukiweka pembeni ili uone siasa inabaki vipi. Mwanateolojia wa Marekani William Cavanaugh ameishikilia hoja hii kwa muda mrefu, kwamba kutenganisha "vita vya dini" na "vita visivyo vya dini" katika karne ya 16 au 17 ni kuwavika watu wa kale nguo zetu. Nadhani yuko sahihi kwa kiasi kikubwa, ingawa hoja yake ina hatari moja: ukiivuta sana, dini haitawahi kuwa na hatia ya jambo lolote.

Tuangalie basi Vita vya Miaka Thelathini, vile vya Ulaya ya kati, maana ndivyo vinavyotajwa sana. Mei 1618, mabwana wa Kiprotestanti waliingia katika kasri la Prague wakawatupa dirishani maofisa wawili wa Kikatoliki pamoja na karani wao. Walianguka zaidi ya mita ishirini na wote watatu wakapona. Wakatoliki walisema waliowapokea ni malaika. Waprotestanti walisema ni lundo la samadi. Chanzo cha ugomvi kilikuwa cha dini bila kificho: makanisa ya Kiprotestanti yaliyofungwa na kubomolewa, kinyume na ahadi ambayo mfalme aliitoa mwaka 1609. Miaka kumi na mitatu baadaye jeshi la Kikatoliki liliuteketeza mji wa Magdeburg, na watu wapatao 20,000 wakafa. Kufikia hapo, daftari linaandikika kirahisi.

Kisha mwaka 1635 Ufaransa, nchi ya Kikatoliki, ikiongozwa na Richelieu ambaye alikuwa kardinali wa Kanisa, iliingia vitani rasmi. Upande gani? Upande wa Uswidi ya Kiprotestanti, dhidi ya Habsburg, ukoo wa kifalme uliotawala Hispania na Austria, Wakatoliki wenzake. Richelieu alihofia kuzingirwa na Habsburg kuliko alivyohofia uzushi. Vita vikaendelea miaka mingine kumi na mitatu, na watu wakaendelea kufa, wengi kwa njaa na maradhi yaliyofuata nyuma ya majeshi. Vilipokoma mwaka 1648, wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa walikuwa kati ya milioni nne na nusu na milioni nane.

Mamilioni hayo yote ni ya dini? Kama kanuni ni "vita vilivyoanza kwa dini", ndiyo. Kama kanuni ni "mtu aliyeuawa kwa sababu ya imani yake", basi mkulima aliyekufa kwa tumbo la kuhara mwaka 1640, baada ya askari wa dini yake kumla ng'ombe wake wa mwisho, haingii. Sitaki kuficha ninakoegemea: naona kanuni ya pili ni ya haki zaidi, kwa kuwa inatuuliza juu ya mtu mmoja mmoja. Lakini ukiichagua, ni lazima uitumie kote.

Ukiitumia kwa dini, haiisafishi. Inabaki na maiti wachache kuliko wanavyodai wapinzani wake, ila hao hawana mahali pengine pa kwenda. Mwaka 1553 Michael Servetus alichomwa moto Geneva kwa kukana Utatu. Mwaka 1600 Giordano Bruno alichomwa Roma kwa uzushi. Baraza la kuhukumu wazushi la Hispania, lililoundwa mwaka 1478 na kufutwa kabisa mwaka 1834, wanahistoria wa leo waliopekua kumbukumbu zake wanakadiria kwamba liliua watu kati ya 3,000 na 5,000, idadi ndogo mno kuliko ile ya hadithi. Kesi za uchawi barani Ulaya, kati ya karne ya 15 na ya 18, zinakadiriwa kuua watu 40,000 hadi 60,000, wengi wao wanawake. Hapa hakuna "ilikuwa siasa tu". Ondoa fundisho kwamba kuna uzushi na kwamba mzushi anawapeleka wenzake motoni, na kosa lenyewe halipo. Hakuna mfalme anayeweza kumhukumu mtu kwa kosa ambalo halijatungwa. Na mambo haya hayajaisha: zipo nchi leo ambazo sheria zake zinaruhusu kumuua mtu kwa kuacha dini au kwa kukufuru.

Kanuni ile ile basi ivuke upande wa pili.

Tarehe 30 Julai 1937, miezi michache baada ya sensa ile, polisi wa siri wa Kisovieti walitoa amri namba 00447. Ilitaja makundi ya watu wa kukamatwa: wakulima waliokuwa na mali, wahalifu wa kawaida, na pamoja nao "watu wa kanisa" na wafuasi wa madhehebu. Kila mkoa ulipewa idadi ya wa kupigwa risasi na idadi ya wa kupelekwa kambini, na wakuu wa mikoa waliandika barua kuomba waongezewe. Katika mwaka 1937 na 1938 zaidi ya watu 680,000 waliuawa kwa amri hiyo na nyingine za dola. Wengi wao hawakuwa na uhusiano wowote na kanisa. Walikuwa Wapoland, maofisa wa jeshi, wanachama wa chama chenyewe, majirani waliosingiziwa. Lakini padri aliyepigwa risasi kwa kuwa padri, huyo ni wa ukanamungu wa dola, na hatoki humo kwa hoja kwamba ukanamungu hauna kitabu. Chama kilikuwa na vitabu. Kiliufanya ukanamungu kuwa wajibu, na kutoamini kuwa sehemu ya uraia mwema.

Albania ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1967 utawala wa Enver Hoxha ulifunga misikiti na makanisa zaidi ya elfu mbili na kujitangaza kuwa nchi ya kwanza ya wasioamini duniani, na katiba ya mwaka 1976 ikaandika kwamba dola haiitambui dini yoyote. Watu walifungwa kwa kubatiza. Kambodia chini ya Khmer Rouge, chama cha Pol Pot, kati ya 1975 na 1979, watawa wa Kibudha walivuliwa mavazi yao na Waislamu wa kabila la Cham wakalazimishwa kula nguruwe na kuchomewa misahafu, waliokataa waliuawa. Hao nao hawana safu nyingine.

Ila watu wapatao milioni 1.7 waliokufa Kambodia hawakufa wote hivyo. Walikufa kwa kazi mashambani, kwa njaa, kwa kuvaa miwani au kujua Kifaransa, alama za msomi. Njaa ya Uchina ya mwaka 1958 hadi 1962, iliyoua makumi ya mamilioni ya watu kwa makadirio mengi, ilitokana na mashamba ya pamoja, na takwimu za mavuno zilizopikwa, na nafaka kuchukuliwa kwa mujibu wa takwimu hizo. Sioni jinsi ya kumwonyesha mtu kwamba mchele ule ungebaki kijijini kama Mao angekuwa anasali. Watawala waliosali wamewahi kuziacha nchi zife njaa vile vile.

Na hapa kuna jambo ambalo wanaomtaja Stalin hawalitaji. Septemba 1943, vita na Ujerumani vikiwa vimepamba moto, Stalin aliwaita Kremlin maaskofu wakuu watatu wa Kanisa la Kiorthodoksi, akawaruhusu wachague patriarki, na kabla ya wiki kwisha akapatikana. Mtu yule yule, aliyesoma seminari ya Tiflis ujanani na kuacha imani. Ukanamungu wake haukupungua hata nukta moja kati ya 1937 na 1943. Kilichobadilika ni mahitaji ya dola. Kama ukanamungu ndio uliokuwa ukivuta kamba, kamba ilipaswa kuvutwa vile vile katika miaka yote miwili.

Hitler nitampitia haraka, maana kila upande humtupa kwa mwenzake kama kaa la moto. Hakuwahi kujiondoa rasmi katika Kanisa Katoliki. Alitia saini mkataba na Vatikani Julai 1933 na mwaka huo huo serikali yake ikakivunja chama cha wasioamini cha Ujerumani. Buckle za mikanda ya askari wa nchi kavu ziliandikwa "Mungu yu pamoja nasi". Katika sensa ya 1939 karibu asilimia 95 ya Wajerumani walikuwa bado wameandikishwa makanisani. Kwa upande mwingine, hakuwa Mkristo kwa maana yoyote ambayo padri angeikubali, na mchungaji Dietrich Bonhoeffer alinyongwa Aprili 1945 kwa kumpinga. Chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa imepandwa na mahubiri ya karne nyingi. Mauaji yenyewe yalifanywa kwa jina la damu na rangi. Anayetaka kumwandika katika safu moja tu itabidi afumbe jicho moja.

Kuna mahali pawili ambapo daftari la safu mbili huchanika kabisa, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Hispania, Julai 1936. Majenerali waliasi dhidi ya jamhuri, na katika miji iliyobaki mikononi mwa jamhuri hasira ya miaka mingi ikalipuka juu ya Kanisa. Katika miezi michache, na kisha katika vita vyote, mapadri na watawa karibu 7,000 waliuawa, wakiwemo maaskofu 13. Makaburi ya watawa yalifukuliwa, sanamu zikapigwa risasi kama wafungwa. (Sanamu kupigwa risasi ni jambo la ajabu kwa mtu asiyeamini. Humpigi risasi usiyedhani yupo.) Waliofanya hivyo wengi walikuwa wamebatizwa; walilichukia Kanisa lililokaa upande wa mwenye shamba na mwenye kiwanda. Upande wa pili, maaskofu wa Hispania walitoa barua ya pamoja Julai 1937 wakimuunga mkono jenerali Franco, kiongozi wa waasi, na vita vikaitwa vita vitakatifu. Nyuma ya mistari yake, upande wa Franco uliua watu wengi zaidi kuliko ulivyoua upande wa jamhuri: walimu, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, mameya.

Na katika waliouawa na Franco walikuwemo mapadri kumi na kadhaa wa Kibaski. Wabaski, watu wa kaskazini mwa Hispania, walikuwa Wakatoliki wa kusali kila siku, ila walipigana upande wa jamhuri kwa sababu iliwaahidi kujitawala. Padri wa Kibaski, aliyepigwa risasi na jeshi lililojiita la msalaba, ni maiti wa safu gani?

Mahali pa pili ni Indonesia, na sijui kwa nini hapatajwi zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba 1965 majenerali sita walitekwa na kuuawa. Jeshi chini ya jenerali Suharto lilikilaumu Chama cha Kikomunisti, ambacho kilikuwa na wanachama wapatao milioni tatu, na katika miezi iliyofuata watu wasiopungua 500,000 wakauawa. Jeshi liliongoza na kutoa silaha. Vijana wa jumuiya za Kiislamu walishiriki kwa wingi kisiwani Java, na huko Bali, kisiwa cha Wahindu, walioua walikuwa Wahindu. Nyaraka zilizofunguliwa baadaye zimeonyesha kuwa ubalozi wa Marekani ulilikabidhi jeshi majina ya wakomunisti. Moja ya mashtaka yaliyorudiwa sana ni kwamba wakomunisti hawana Mungu.

Basi hapa tuna jambo ambalo halina jina katika mjadala wetu wa kawaida: nusu milioni ya watu waliouawa kama wakanamungu. Kinachouma ni kwamba wengi hawakuwa hivyo. Walikuwa Waislamu wa vijijini na Wahindu wa Bali waliojiunga na chama kwa sababu kiliwaahidi ardhi, na katika miaka miwili iliyotangulia wakulima wa chama hicho walikuwa wamevamia mashamba, mengine yakiwa ya wakuu wa shule za dini. Unaanza na ugomvi wa shamba. Mwenye shamba ana msikiti, mvamizi ana chama. Jeshi linahitaji wasaidizi. Kufikia mwisho, jirani anamchinja jirani na kuamini anamtetea Mungu. Baada ya mauaji, kutokuwa na dini inayotambuliwa ukawa ushahidi dhidi yako, na watu wengi wakajiandikisha haraka katika Uislamu, Ukristo au Uhindu ili wapone.

Kwa kanuni niliyoichagua, hao ni wa dini? Waliuawa kwa jina la imani ambayo wengi wao walikuwa nayo. Nimejaribu mara kadhaa kuwaandika na kila mara nimefuta.

Watafiti wamejaribu kutoka kwenye tope hili kwa kuhesabu kwa utaratibu. Takwimu inayopendwa na watetezi wa dini inatoka katika ensaiklopidia ya vita ya Charles Phillips na Alan Axelrod, iliyotoka mwaka 2004: katika vita 1,763, vilivyowekwa chini ya kichwa cha dini ni kama 120 tu, yaani takriban asilimia 7. Inasikika vizuri. Lakini hapo vita vya wiki moja kati ya machifu wawili vina uzito sawa na vita vya miaka thelathini, na aliyechomwa moto kwa uzushi hayumo kabisa kwa kuwa hakufa vitani. Halafu kuna takwimu inayopendwa na wale wanaosema dini haihusiki na ugaidi. Robert Pape, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, alikusanya mashambulizi 315 ya kujitoa mhanga ya kati ya 1980 na 2003, akakuta kundi lililoongoza lilikuwa Tamil Tigers wa Sri Lanka, ambao hawakupigania dini yoyote. Ndio waliomuua Rajiv Gandhi, aliyekuwa waziri mkuu wa India, mwaka 1991. Hoja yake kuu, kwamba mashambulizi haya hutokana zaidi na nchi kukaliwa na majeshi ya kigeni, ina nguvu kwa kipindi hicho. Baada ya 2003 picha iligeuka, na makundi ya kidini yakachukua sehemu kubwa mno. Kwa hiyo hata hesabu nzuri huzeeka.

Kazi iliyonifungua macho zaidi ni ndogo kuliko hizo. Mwaka 2009 Jeremy Ginges, Ian Hansen na Ara Norenzayan walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya kwanza kwa Wapalestina Waislamu. Waliuliza mambo mawili ambayo kwa kawaida tunayafunga pamoja: unasali mara ngapi, na unakwenda msikitini mara ngapi? Kisha wakauliza maoni juu ya mashambulizi ya kujitoa mhanga. Kusali mara nyingi hakukuhusiana na kuyaunga mkono. Kuhudhuria mara nyingi kulihusiana. Wakaenda kwa walowezi wa Kiyahudi: waliokumbushwa kwanza habari za sinagogi walikuwa wepesi zaidi wa kuyaita ya kishujaa mauaji ya Hebron ya mwaka 1994, ambapo Waislamu 29 waliuawa wakiwa katika sala, kuliko waliokumbushwa kwanza kumwomba Mungu.

Tofauti hiyo si ndogo. Mtu na Mungu wake, peke yao, hawakuwa tatizo katika vipimo vile. Tatizo lilikuja na safu za watu waliokaa bega kwa bega. Na bega kwa bega si mali ya dini. Kikosi cha jeshi, tawi la chama na mkutano wa wazalendo hufanya kazi ile ile. Tena si kila jamaa ya waumini hugeuka kundi la kuua. Nyingi huzika wafu, hulea yatima na kuishia hapo. Kinachohitajika zaidi ni adui aliyetajwa na kitu ambacho hakijadiliwi.

Juu ya hicho kisichojadiliwa, Ginges na Scott Atran walikuwa wamekwisha kuonyesha jambo mwaka 2007. Waliwapa walowezi wa Kiyahudi na wakimbizi wa Kipalestina mapendekezo ya kubuni ya kumaliza mgogoro kwa kuachia sehemu ya walichokitaka, kisha wakaongeza fedha juu yake. Kwa wale waliokiona kitu hicho kuwa kitakatifu, fedha hazikuwalainisha. Ziliwapandisha hasira, na utayari wa kuunga mkono vurugu ukaongezeka. Kitu chenyewe kilikuwa ardhi, au mji, au haki ya kurudi. Mungu hakuwa lazima awepo katika sentensi ili kitu kiwe kitakatifu.

Uchina ya mwaka 1968 inafaa kukumbukwa hapa, japo kwa kuibia. Mao alipewa maembe na waziri wa Pakistan, naye akayagawa kwa wafanyakazi waliotumwa kutuliza vyuo. Embe katika viwanda likawekwa kwenye dawa lisioze, wafanyakazi wakapita mbele yake mmoja mmoja na kuinamisha kichwa. Likatengenezwa la nta, likatiwa kwenye kioo, likabebwa katika maandamano. Katika nchi ambayo mahekalu yalikuwa yakivunjwa mtaa wa pili.

Najua kuna hoja ya siku hizi kwamba nchi zenye wasioamini wengi, kama Denmark, Uswidi na Jamhuri ya Cheki, zina mauaji machache, kwa hiyo kutoamini hutuliza watu. Ni kweli zina mauaji machache. Indonesia ya leo pia, ambako karibu kila mtu ana dini kwenye kitambulisho, takwimu zake rasmi za mauaji ni za chini. Japani vile vile, ambako ni vigumu hata kusema nani ana dini na nani hana. Polisi wanaoaminika, mahakama zinazofanya kazi na mshahara unaofika mwisho wa mwezi vinaeleza mengi zaidi.

Kwa hiyo nikibanwa nijibu, jibu langu ni hili. Dini ina maiti wake wa haki, wale wa uzushi, uchawi na kuasi imani, na haiwezi kuwagawa kwa mwanasiasa. Ukanamungu uliofanywa sheria ya dola una maiti wake wa haki, na hauwezi kuwaficha nyuma ya maneno "hatuna kitabu". Hata ukiwajumlisha wote hao, ni sehemu ndogo ya mamilioni wanayotupiana watu. Wale wengine wako kwenye orodha: orodha ya mgawo wa amri 00447, orodha ya ubalozi wa Marekani, kitambulisho cha Rwanda chenye neno moja la kabila. Mwaka 1994 nchini Rwanda muuaji na aliyeuawa mara nyingi walikuwa wa parokia moja, na padri wa Nyange, Athanase Seromba, alikutwa na hatia na mahakama ya kimataifa kwa mchango wake katika kulibomoa kanisa lake juu ya vichwa vya watu waliokimbilia ndani. Karatasi iliwatenganisha watu ambao ubatizo uliwaunganisha.

Wanatakwimu wa Moscow siwaandiki popote katika zile safu mbili. Sensa ilirudiwa Januari 1939. Safari hii idadi ilitoka zaidi ya milioni 170, kama ilivyotakiwa, na swali la dini halikuwemo.